Kitafunio cha Baba

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili, 12 Mei.

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Kifua kinaendeleaje, na hiyo baridi unayoilalamikia kila ukipiga simu? Shemeji na watoto wazima? Sisi tunapumua. Baba ana nafuu, na hiyo nafuu ndiyo iliyonikalisha chini nikuandikie.

Unamjua Baba na maneno yake. Miaka yote aliyosahihisha kurasa pale kiwanda cha uchapaji, hakuna neno lililopita mezani kwetu bila kuulizwa limetoka wapi. Kitafunio, alikuwa akisema, kimetokana na kutafuna, na bibi yake alikiita kumbwe. Kazi yake si kumshibisha mtu, ni kumshikilia mpaka chakula chenyewe kije. Na sheria ya nyumba unaijua: kama kuna mtu yuko njiani, sufuria haifunuliwi, tunatafuna kidogo tu na kumngoja.

Halafu wewe, na mdomo wako mtamu, ukamwambia kwenye simu, "Nakuja, Baba. Nisubiri tule wote."

Tangu siku ile, kila nikimwekea sahani anaisukuma. "Nipe kitafunio tu, mama. Kaka yako yuko njiani." Kipande cha mkate, basi. Ukipiga unarudia yaleyale, naye anafurahi, analala na njaa. Suruali zikawa zinamvuka. Daktari akanisema mbele za watu, eti namnyima mzazi chakula. Nikakusihi umwambie ukweli kwamba huji. Ukacheka, ukasema nisimvunje mzee moyo. Nilikuchukia, Kaka, sikufichi.

Basi juzi nikamwambia umekufa. Ghafla, nikasema, hukuteseka.

Alilia mpaka sauti ikamkauka. Jioni akaniuliza, "Kwa hiyo hatumngojei mtu?" Nikamjibu hatumngojei. Akaifunua sufuria mwenyewe. Alikula wali wote, akakwangua na ukoko, machozi yakimdondokea sahanini. Jana alikula tena, na leo ameulizia nyama.

Kwa hiyo usipige simu. Laini yake nimeshaitupa.

Shangazi angekusalimu, ila yuko sebuleni anakulilia. Binamu yetu seremala anatengeneza fremu ya picha yako, ile uliyovaa tai. Mungu akupe maisha marefu, hukohuko.

Wako akupendaye,
Mdogo wako, mfiwa.