Marahaba, Mchungaji

Mama,

Amani ya Bwana iwe nawe huko uliko. Neno hilo, Mama, nililitamka miaka mingi mlangoni pa kanisa nikikuamkia, kwa adabu tu, kama nilivyowaita wanawake wote wa rika lako.

Mwezi uliopita binti yangu Upendo aliweka picha yangu ya utotoni mtandaoni, katika kundi la watu wazima waliolelewa na wasiowazaa na sasa wanatafuta ndugu zao. Aliandika yale machache niliyoambiwa: kwamba nilizaliwa Bahi na msichana asiye na mume, nikakabidhiwa kwa muuguzi aitwaye Damari, akanilea Dodoma mjini. Nilimkemea. Nikamwambia yaliyofichwa na Mungu hayachokonolewi kwa simu. Kabla ya Jumapili jibu likaja, kutoka kwa mwanamke aitwaye Sechelela: "Shikamoo kaka. Huyo Damari ndiye ambaye mama alimtaja. Mama hatunaye tena." Chini yake, picha ya mazishi.

Nilivaa miwani nikuone. Nikajiona mimi. Nimesimama kando ya kaburi na joho langu, kitabu cha sala mkononi, ninakuzika.

Ulikuwa umewausia wanao kwamba asikuzike mwingine ila mchungaji wa Majengo. Nami niliona fahari, Mama. Nilisafiri hadi Bahi nikiamini ni heshima kwa utumishi wangu. Nilipowaita watoto wa marehemu watie udongo, wa kwanza atangulie kama ilivyo desturi, kaka yako mzee akasema, "Wa kwanza hatumjui aliko. Tia wewe, Mchungaji, jua linatuua hapa!" Watu wakacheka. Nikatia.

Sechelela anasema ulijua tangu miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa ukaanza kuleta mchele sokoni Majengo. Uliingia kanisani, ukamtambua Damari, ukaona kwamba anayehubiri ndiye mtoto uliyempa. Tangu hapo ukawa mtu wa benchi la nyuma. Na ulinyamaza, eti kwa sababu mtoa mtoto harudi kudai. Ni maneno mazito, ya watu waaminifu. Lakini katika agano lenu wewe na Damari, mimi nilikuwa nani? Mzigo wa kupokezana?

Jumapili moja nilieleza mimbarini kwamba simjui aliyenizaa, na kwamba kila nisomapo habari za Musa na kile kisafina cha mafunjo moyo hunijaa. Nilishindwa kumaliza mahubiri. Wewe ulikuwapo! Mlangoni nikakupa mkono: Shikamoo, mama. Ukajibu, "Marahaba, Mchungaji. Umehubiri vizuri." Ukajitanda khanga, ukaenda.

Akina mama wote wa usharika huniitikia "Marahaba, mwanangu." Neno la bure hilo. Hata muuza nyanya asiyenijua hunipa. Wewe peke yako, miaka yote ile, hukunipa hata mara moja. Nilidhani unaiheshimu kola yangu.

Damari naye alitangulia kabla yako. Sina wa kumwuliza.

Wanao wanajiandaa kuweka msalaba juu ya kaburi lako. Sechelela ameniomba niongoze ibada, nimekataa. Nimewafundisha watu kusamehe tangu nilipotoka chuo cha Biblia, na ninajua vema ninachopaswa kukuandikia hapa. Siwezi kukiandika, Mama. Mungu anaona kwamba siwezi.

Lakini nitakuja, nakuahidi. Joho nitaliacha nyumbani. Mchungaji mwingine atakapowaita watoto wa marehemu, nitatangulia mimi, Sechelela anifuate, na huyo mjomba acheke akitaka. Kisha nitainama nikuamkie.

Pumzika. Na safari hii, nakusihi, usiniite Mchungaji.

Mwanao wa kwanza,
Yona