Vifaranga wa Mama Mutuku

Jumanne, Julai

Nimechoka kuulizwa. Leo jirani yangu Mama Mutuku amenionyesha vifaranga wake, wote wamekufa kwa baridi. Baada ya semina yangu ya hali ya hewa kanisani, aliacha kuwawashia jiko.

"Mwalimu, si ulisema dunia inapata joto?"

Nilisema, na ni kweli. Lakini Julai yetu huamuliwa na upepo. Ukivuma kutoka kusini mashariki unatuletea mawingu na baridi ya baharini, na hilo joto hatulioni. Miaka ijayo utavuma vipi, sijui. Hilo sikulifundisha.

"Sasa mwaka ujao niwashe ama niache?"

"Washa, mama."

Sikumwambia kwamba hata mimi niliamini baridi haitakuja. Blanketi langu zito nilimpa shemeji kule Nuu. Naandika nikiwa nimevaa koti.