Vipicha vya chini na mchi wa kinu

Nimempiga kaka yangu kwa mchi wa kinu, na mwanangu Tumaini ameifufua kompyuta kwa mkono mmoja!

Haya sasa, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Leo Jumatano, niko Mkunya. Ukungu umetanda tangu alfajiri.

Kaka Yohana ndiye mjomba wa watoto wetu, kwa hiyo yeye ndiye anayewatoa wapwa zake jandoni, na kitinda mimba wangu yumo. Kadi za mwaliko ziko kwenye kompyuta yake pale sebuleni. Juzi vile vipicha vya programu vinavyojipanga chini ya kioo vikavurugika. Kaka kompyuta anaijua kwa sura, kama anavyowajua mbuzi wake. Akabonyeza picha ya kuandikia, ukalia muziki. Akabonyeza ya muziki, kikaja kikokotoo. Nyingine zimebaki vikaratasi vyeupe. Akaipiga meza hadi kikombe kikapasuka. Akasema Tumaini ndiye kaiharibu alipokuja Pasaka, na kadi zimeliwa.

Tumaini wangu! Mtoto aliyesomea kompyuta chuo cha ufundi Masasi, na mimi mama yake niliishia la saba!

Basi leo asubuhi tukatoka Lisekese kwa pikipiki, tukapanda mlima hadi huku kwa kaka. Mwanangu akamwamkia mjomba wake, akakaa, akatazama, akacheka.

"Mjomba, programu zimebadilishana kanga tu. Zenyewe zipo."

"Nirudishie kadi zangu, usinichekee." Bakora iko mkononi.

Mimi nikatoka uani kutwanga mihogo na wifi, lakini nilimsikia Tumaini akimweleza kwa adabu: kuna faili linalotunza hizo picha, limeharibika, atalifuta ili kompyuta izichore upya. Ila kwanza atauzima mstari wote wa chini, kioo kitabaki cheusi kidogo, mjomba asishtuke.

Kioo kikawa cheusi. Halafu: "Umeiua! Umeiua mbele ya macho yangu!"

Na bakora. Paa! Paa!

Niliingia na mchi. Mwanangu kajikinga kwa mkono wa kulia, damu inachuruzika kwenye kiwiko, na kaka ameinua tena. Nilimshushia mchi begani, bakora ikaruka, akaangukia kiti, kiti kikavunjika chini yake. Nikauinua mchi tena.

Niseme kweli hapa. Mara ya pili nililenga kichwa.

"Mama, acha! Namalizia!"

Ni Tumaini. Kwa mkono wa kushoto akachapa neno moja, akabonyeza. Mstari ukarudi, na kila programu imevaa nguo zake. Akafungua kadi. Zipo zote, hata nukta haijapotea.

Kaka yuko sakafuni, ameshika bega. Akatazama kioo, akatazama matone ya damu.

"Kumbe ulisema nisishtuke," akasema.

Basi. Pole hakuitoa.

Mwanangu akachapisha kadi zote, mkono umefungwa kipande cha kanga yangu. Nani mwingine kazaa mtoto wa namna hii? Mnitajie.

Nikamwambia kaka: "Pole ya chumbani siitaki. Umempiga majirani wakichungulia dirishani. Utamwomba radhi mbele ya watu, au kitinda mimba wangu akitoka jandoni nitampokea mwenyewe, kama mtoto asiye na mjomba."

Wifi akaziba mdomo kwa kiganja. Kwetu neno hilo ni zito kuliko mchi.

Naandika hapa na roho inanisuta. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni tukienda shamba. Bega lile lile nililolipiga. Lakini nikiuona mkono wa Tumaini, nautafuta mchi kwa macho.

Kadi zimeshaanza kwenda hadi Mnyambe. Zinasema saa nne asubuhi, watu wote. Nitakaa mbele kabisa, mikono mitupu, nisikie kaka yangu atafungua kinywa aseme nini, Jumamosi.