Maswali Arobaini ya Dulanjali

Jumapili, 13 Julai

Bila mikono yangu, nusu ya mdalasini unaonukia kwenye keki za Ulaya ungebaki mtini. Kila mtu hapa mjini kwetu Elpitiya analijua hilo, hata wanaojifanya hawalijui. Miaka thelathini na miwili namenya, sijamwona wa kunifikia. Kuna Mjerumani aliwahi kuja bandani, akanitazama nikimenya, akavua kofia! Sasa nimepewa kazi nyingine inayotaka kichwa kama changu.

Mdogo wangu Irangani kaja asubuhi na binti yake, Dulanjali. Mtihani wa darasa la tano umebakiza wiki nne kamili. Irangani anashona zamu ya jioni kiwandani, mumewe yuko Kuwait. "Kaka, uwe unakaa na mtoto jioni. Umwangalizie saa tu anapofanya karatasi za zamani. Usimfundishe kitu, nakuomba."

Usimfundishe! Mimi! Mtu niliyefika la saba!

Akifaulu vizuri, anakwenda shule kubwa ya Galle yenye maabara na bwawa la kuogelea. Asipofaulu, anabaki hapa, ambapo mwalimu wa sayansi alihamishwa mwaka juzi na hajaletwa mwingine. Mama anataka maabara. Mtoto anataka bwawa. Mimi naona vyote viwili ni haki yake.

Jumanne, 15 Julai

Maswali arobaini, saa moja. Kafika la ishirini na nne, muda ukaisha. Nikasahihisha: kapata ishirini na matatu! Lile moja alikosa kwa sababu nilikohoa. Kwa hiyo akili ipo. Shida ni kwamba swali likimgomea, hatoki hapo. Anakodoa macho, anatafuna penseli – dakika tano, sita, saba.

Nikamsaidia swali la mchemraba. Umepakwa rangi nje, ukakatwa vipande ishirini na saba. Vingapi havina rangi kabisa? Nikasema sita, kwa sauti ya mtu anayejua.

Akanitazama kwa huruma. "Kimoja, Mjomba. Cha katikati."

Nikamwambia nilikuwa namjaribu.

"Ehe," akasema. Hiyo "ehe" kairithi kwa mama yake.

Jumamosi, 19 Julai

Nimekwenda naye bandani. Yeye juu ya gunia, karatasi magotini. Mimi mbele yake na rundo la vijiti vya mdalasini. Nikakuta kimoja kina kifundo, gome limeng'ang'ania. Nikakiweka kando kivulini, nikashika kingine.

"Mbona umekiacha? Umeshindwa?"

"Nani kashindwa? Nikikivuta kwa nguvu sasa gome litapasuka, na hivi vingine vyote vitakauka vikinisubiri. Nitakirudia baadaye, nizunguke kifundo kwa ncha ya kisu."

Akatazama karatasi yake kitambo. Halafu akachora kiduara kidogo kando ya swali la kumi na moja – akaliruka! Nami sikusema neno. Mimi, nisiseme neno! Akafika la thelathini na nne kabla ya saa kwisha.

Naandika hapa ili ijulikane mbinu hii ni ya nani.

Alhamisi, 24 Julai

Thelathini na saba sahihi! Tumekula mkate wa nazi na pilipili ya kusaga, kalala saa mbili. Sina la kuongeza.

Jumatano, 30 Julai

Siku mbaya.

Dukani kwa Piyatissa, anayeuza chumvi na maneno. Mjukuu wake anasoma tuisheni tatu. "Wijepala! Nasikia siku hizi nawe ni mwalimu. Unafundisha nini, kumenya?" Watu wakacheka. Moto ukanipanda. Nikasema Dulanjali atakuwa wa kwanza wilaya nzima, na asipokuwa wa kwanza nitanyolewa nywele na sharubu mbele ya duka hili hili, na Piyatissa ndiye atakayeshika wembe!

Nikageuka. Kumbe mtoto yuko nyuma yangu, kashika chupa ya mafuta ya nazi.

Jioni kapata ishirini na moja. Hakuchora kiduara hata kimoja. Kakwama swali la nane, katulia hapo kama gari lililozimika. Nikamwuliza mbona haruki.

"Nikiruka halafu nisiwahi kurudi, je? Watakunyoa."

Wali wake kaula vijiko viwili tu.

Alhamisi, 31 Julai

Irangani kanipigia simu wakati wa chai kiwandani. Siandiki yote aliyosema. Mwisho wake ulikuwa: "Kaka, huo mdomo wako ungekuwa na gome ningeumenya mwenyewe!"

Nikaenda dukani. Nikamwambia Piyatissa, watu wakisikia, kwamba nafuta. Akauliza nafuta nini. Nikasema yote – wa kwanza, wilaya, sharubu. Walicheka hadi mmoja akajimwagia chai. Nimepata kuumwa na nyigu mara tatu kwa siku moja, lakini ile ilikuwa nafuu.

Nikamweleza Dulanjali.

"Ulisema hivyo kweli? Wewe? Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

"Na Piyatissa akasemaje?"

"Akasema sharubu zangu hazikuwa na thamani ya wembe."

Akacheka hadi akapaliwa. Viduara vimerudi. Thelathini na tatu.

Jumanne, 5 Agosti

Thelathini na nane! Najizuia kwenda dukani.

Jumamosi, 9 Agosti

Irangani katoka kwa mnajimu. Saa njema ya mtoto kutoka nyumbani kesho kwenda mtihani ni saa moja na dakika kumi na moja asubuhi, uso ukielekea kaskazini. Vizuri. Ila mlango wetu wa mbele unatazama kusini na wa jikoni mashariki. Kaskazini kuna dirisha tu, juu ya meko.

Nikasema atoke mlangoni kwa kinyumenyume. Irangani akasema utangulie uso, Kaka, si kisogo.

Tumepima dirisha. Anapita.

Jumapili, 10 Agosti

Naandikia nje ya ukuta wa shule, nyuma ya karatasi ya zamani.

Asubuhi kapiga magoti na majani ya tambuu kuomba baraka, kwanza kwa mama yake, kisha kwangu. Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Nikaishia kumwekea mkono kichwani. Kisha wali wa tui, kisha dirisha. Nilimpitisha saa moja na kumi na moja kamili, saa ya redio shahidi – akatokea upande wa pili na masizi kwenye gauni jeupe, tangu kwapa hadi kiunoni! Irangani akashika kichwa. Nikachukua dawa nyeupe ya viatu, nikapaka. Ukisimama mbali huoni kitu.

Langoni mkono wake ulikuwa wa baridi. Namba ya mtihani kifuani, penseli tatu, chupa ya maji.

"Mjomba, siku ya mtihani wako wewe uliogopa?"

Nikacheka kwa nguvu. "Mimi? Niliingia ukumbi huu huu kama simba! Aliyeogopa ni msimamizi."

Hakucheka. Kautoa mkono wake taratibu. "Basi ni mimi tu," akasema. Akaingia.

Kengele imelia saa tatu na nusu. Wazazi wamejaa ukutani. Irangani anasali. Nami hilo neno halinitoki kichwani. Basi ni mimi tu. Atakuwa amekaa nalo mle ndani, mbele ya kila swali.

Lakini kuna mapumziko, kisha karatasi ya pili. Watoto huruhusiwa kuja ukutani kunywa maziwa. Nitamwambia ukweli. Najaribu hapa kwanza, nione kama mkono unaweza.

Nilikuwa na miaka kumi. Ukumbi huu huu, dirisha la tatu. Nilikuwa nimebanwa tangu swali la pili, sikuthubutu kunyoosha mkono kuomba ruhusa.

Kengele. Wanatoka. Namwona – yule, mwenye kiraka cha dawa ya viatu, anatutafuta kwa macho. Irangani ananivuta shati, Kaka twende. Ngoja nimalize.

Swali la tisa nilijikojolea. Nikakaa pale pale hadi mwisho.