Udongo wa Nyuma ya Kituo cha Mafuta

Malton, Toronto
Jumapili, Septemba

Wifi yangu Nyangeta,

Shikamoo. Miguu ya Mama inaendeleaje? Mihogo mmeshavuna? Sisi wazima, ila mgongo wangu umechoshwa na maboksi ya ghalani.

Tumekwenda pale alipoangukia kaka yako. Siku tatu barabarani, Neema kwenye usukani, mimi nimepakata lile kopo la chai ambalo marehemu aliwekea misumari. Tulipita vimji vya barabara moja, maduka yamepigiliwa mbao. Kwenye mgahawa mmoja watu waliacha kula, wakatutazama mpaka tukamaliza mayai yetu.

Mwaka jana alinisihi twende wote kuiona hifadhi ile. Nilimjibu, "Nyasi kavu nimezaliwa nazo, nenda mwenyewe." Akacheka, akaenda mwenyewe.

Hifadhi yenyewe ni kame, vilima vya udongo mweupe uliopasuka. Pale moyo wake uliposimama niliita jina lake, nikachota kwa mkono wa kulia kama Mama alivyoagiza, ili huko nyumbani, maadamu mwili wake tuliuzika huku, mpate cha kuzika kando ya baba yake.

Kabla ya lango Neema aliniambia, "Mama, ukiulizwa, sema hatuna kitu."

Lakini mhifadhi alikuwa mama wa makamo kama mimi, na alinisalimu vizuri. Nikamweleza yote. Alivua kofia, akalia, akanipa pole. Kisha akasema sheria hairuhusu kutoa hata kijiwe, akasimama kusubiri nimwage. Nikamwaga. Akanishukuru.

Mji uliofuata Neema alishuka kuweka mafuta, akaondoka na kopo. Lilirudi limejaa.

"Umeutoa wapi?"

"Nyuma ya choo."

"Neema!"

"Bibi hajawahi kufika huku, mama. Atajua nini?"

Sikuumwaga, wifi. Siku tatu nyingine niliupakata kama ule wa kwanza.

Kopo hili analileta mchungaji wetu. Kumwambia Mama nimeshindwa, na kumdanganya kwa mdomo wangu nimeshindwa pia. Wewe ndiye dada yake, uamue. Ukinyamaza, nami nitanyamaza.

Msalimie Mama, mumeo, na binamu yenu anayechimba kaburi. Mwambie asichimbe sana.

Siku ya kuzika, mkishalitaja jina lake, nitajeni na mimi.

Wifi yako,
Mama Neema