Samaki Wanaokula Rangi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii imekukuta umekaa jikoni kwako, moto umeshika na kifua hakikusumbui tena. Baba naye, goti lake linaendeleaje? Mimi huku Msambweni ni mzima, namshukuru Mungu, ila joto la huku, Mama, mtu anaamka amechoka. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu nikianza tu kusema nalia, nawe husikii neno.

Ile kazi ya nyumbani kwa watu niliiacha. Sasa niko kwa Bwana Salimu, anayefuga samaki wa mapambo, wale wa kutiwa kwenye vidimbwi vya hoteli za Diani wageni wawatazame. Usicheke. Hawaliwi. Nami ndiye ninayewalisha.

Nilikuwa nadhani samaki mwekundu huzaliwa hivyo. Kumbe rangi anaila. Ukimpa chakula kitupu anapauka mpaka anafanana na maji. Kwa hiyo tangi moja tunawatilia unga wa rangi uliotengenezwa kiwandani. Tangi la pili tunatumia mrangi, mti unaolimwa sana huku, una mbegu nyekundu. Bi Mwanasha, mama wa Kidigo ninayefanya naye kazi, huziloweka kwenye mafuta yaliyopashwa moto kidogo, na mafuta yakishageuka mekundu tunayachanganya na chakula.

Siku ya kwanza aliniambia, "Mghoi mwanangu, kaniletee mrangi hapo uani." Nikasema moyoni, labda ndivyo Wadigo wanavyoita rangi. Nikamletea mkebe wa rangi ya lango pamoja na brashi. Akaikalia ndoo akacheka hata ushungi ukamvuka. "Sasa hawa utawalisha ama utawapaka?" Mpaka leo akiniona huniuliza brashi iko wapi.

Asubuhi, jua likiwa bado halijakuwa kali, mimi hukaa ukingoni nikawatazama. Wa unga walibadilika upesi, wakawa wekundu kabisa. Wa mrangi walichelewa. Kila nikiwaangalia ni kama jana, halafu nikaona chini ya pezi kitu kama papai linapoanza kuiva, kikaenda kikienea polepole, nami nimekaa tu, sijui niko macho au nimelala. Wakati mwingine naona kama Wakesho amechutama kando yangu, ametia kidole majini.

Basi ni habari za huyo mwanangu zilizonifanya niandike. Ile Jumapili ulipompa simu nilimsikia akikuuliza, "Mama, huyu shangazi ni nani?" Ukamkemea. Usimkemee, Mama. Nilimwacha bado ananyonya, angenijua vipi. Bwana Salimu alikuwa ameniahidi kwamba hoteli ikiwachukua samaki, kazi yangu itakuwa ya kudumu na nitapewa chumba cha kando ya stoo, niishi na mtoto. Nikawa nawaombea samaki kama watu wanavyowaombea wagonjwa.

Wiki iliyopita akaja dada wa hoteli. Wa unga akawapenda palepale. Akasogea kwa wa mrangi, akakunja uso. "Hawa mbona kama hawajaamua?"

Bi Mwanasha akamjibu, "Hao wanakuja, mwanangu, ila hawapendi kukimbizwa."

Yule dada akacheka. Akasema wekundu anawachukua, na hawa wengine atawarudia, asiuziwe mtu mwingine. Alipoondoka, Bwana Salimu akanipa ufunguo.

Chumba ni kidogo, dirisha linatazama matangi. Nimepiga deki, nimetundika chandarua. Nakuomba umlete wewe mwenyewe na ukae nasi kidogo, asijione ameng'olewa. Na njiani usimfundishe kuniita mama. Jina hilo kwa sasa ni lako, umelifanyia kazi. Aje aniite shangazi, nitaitika. Nitampikia, nitamwogesha, nitalala naye chandarua kimoja, nami nitangoja.

Nisalimie Baba, na kaka Mwakio na mkewe, na yule mama jirani anayekusomea barua zangu. Mwambie hapa asome polepole. Wakesho mshike mashavu kwa niaba yangu.

Ni mimi binti yako, na kwa leo shangazi wa Wakesho,

Mghoi