Ukurasa wa Picha ya Mama

Jumatatu, 10 Februari

Mdogo wangu kapiga simu kutoka huko ng'ambo saa ambayo duka limejaa. Nilikuwa na mteja wa vyeti sita vya kutoa kopi, nikamwambia mdogo wangu asubiri kidogo. Akasema hawezi kusubiri.

Uvimbe. Kichwani. Anaujua tangu mwezi wa kumi na hakutuambia! Mficha maradhi, kifo humuumbua – neno lilinifika mdomoni, nikalirudisha. Watampasua tarehe kumi na moja mwezi ujao, Jumanne asubuhi. Madaktari hawamfichi: anaweza asiamke. Anaweza akaamka na asitujue.

Anataka kitu kimoja. Mama awepo, amshike kichwa kabla hajaingizwa ndani, kama alivyokuwa akimshika homa zikimpanda utotoni. "Wewe utamleta," akasema. "Wewe ndiye mwenye akili ya makaratasi."

Hilo ni kweli. Miaka ishirini na miwili ya fotokopi na laminesheni. Vyeti vya nusu ya mtaa huu nimevivika plastiki mimi. Hata cheti chetu cha ndoa – mume wangu husema ndiyo maana hatuachani, hakuna pa kuanzia kuchana.

Nilipogeuka, yule wa vyeti sita alikuwa kashaondoka. Nimefunga duka mapema.

Alhamisi, 20 Februari

Ofisi ya pasipoti. Mimi nimemaliza kwa dakika tano. Mama – saa nzima!

Mashine haivioni vidole vyake. Miaka thelathini ya kufua nguo za watu, sabuni kali na madawa ya kutoa madoa, ndiyo iliyotusomesha wote wawili, na ndiyo iliyofuta alama zote. Vimekuwa laini kama kijiko. Ofisa anasema bonyeza bibi, Mama anabonyeza mpaka kucha zinakuwa nyeupe. Mara saba. Mwisho ofisa akatoa losheni kwenye droo yake, akampaka, tukangoja, na mashine ikakubali vidole vinne. Akasema vinatosha.

 Tulipokaribia nyumbani Mama akasema mikono hii imezeeka vibaya. Nikamwambia iliyozeeka ni mashine. Akacheka, lakini alikuwa kaikunja mikono mapajani.

Jumatano, 5 Machi

Zimetoka! Pasipoti mbili, na viza ndani. Jumapili mchana tunaruka, Jumatatu tutakuwa kando ya kitanda cha mdogo wangu, siku moja kabla.

Mama haachani na yake. Anaichomeka kwenye pindo la nguo, kiunoni. Jioni nikaona ukurasa wa picha umeanza kujikunja kwa jasho. Hapana, hapo mimi siwezi kutulia! Nikaipeleka dukani, nikakata nailoni ya kunata, ile tunayovalishia vitabu vya shule, nikaufunika ukurasa ule taratibu, bila hata kipovu kimoja. Uso wa Mama ukang'aa. Yangu nimeiacha. Mimi nina mkoba.

Mume wangu kaichungulia, akasema kitabu cha serikali hakivalishwi nguo, mke wangu. Nikamwambia ashughulike na mabomba yake ya maji. Makaratasi aniachie mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Begi limefungwa mara tatu na kufunguliwa mara nne. Mama kakata kucha zote, fupi kabisa. Nikamuuliza, ya nini? Akasema asimkwaruze mtoto kichwani.

Mtoto ana miaka arobaini na moja.

Jumapili, 9 Machi

Saa nne asubuhi. Tumefika uwanja wa ndege. Watu! Nilidhani ni sisi tu tuliowahi. Foleni ya kwanza ni ya kuingia tu mlangoni. Anayesindikiza anaishia hapo, kwa hiyo mume wangu amebaki nje. Kasema hatoki kwenye maegesho mpaka aione ndege juu kwa macho yake. Mama kavua viatu kabla hajaambiwa. Fimbo yake nayo imepita kwenye mashine, akaisubiri upande wa pili kama anampokea mgeni. Sasa tumekaa, dada mmoja wa uwanjani kaenda kumtafutia kiti cha magurudumu. Mdogo wangu anauliza kwenye simu: Mama ameshaingia? Nimemjibu ameshaingia.

Saa sita kasoro. Niandike haraka.

Tulifika kaunta. Begi likapimwa, sawa. Pasipoti yangu ikapita. Ya Mama – yule mpokeaji wa pale kaunta akaitelezesha kwenye mashine mara moja, mara mbili. Akaupapasa ukurasa kwa kidole gumba. Akaukwaruza pembeni kwa ukucha. Uso wake ukabadilika. Akaomba nimfuate, peke yangu, Mama abaki kwenye kiti.

Akaja mtu wa uhamiaji. Mpole, miwani puani, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Akauinua ukurasa kwenye mwanga.

"Nani amebandika hii?"

Nikasema mimi.

Akavuta pumzi. Akaniambia hati iliyoguswa ukurasa wa picha inahesabika kama imechezewa. Hata akifumba macho yeye, huko tuendako watamrudisha Mama na ndege ileile. Nikamwambia habari ya Jumanne, ya uvimbe, yote. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema pasipoti mpya hata ya dharura si chini ya siku tatu za kazi, na leo ni Jumapili.

Nikamwambia nitaibandua. Mimi ni fundi, hii ni kazi yangu! Akasema yeye hawezi kuigusa, na mimi hanishauri. Nikaishika. Nikaanza pembeni, polepole, kwa ukucha, nikapuliza. Ilikuja vizuri. Ilikuja vizuri mpaka kwenye picha. Hapo kidevu cha Mama kikaondoka na nailoni.

Nimekiona. Kidevu na nusu ya mdomo, vimeganda kwenye plastiki yangu. Yule bwana akageuza uso, akaniambia pole sana, mama.

Wema wangu umeniponza. Hapana – si wema. Ni ujuaji. Niliambiwa.

Nikarudi kwa Mama. Kakaa wima kwenye kile kiti, fimbo mapajani, tayari. Akaniuliza kuna nini? Nilikuwa na njia yote, kutoka mlango wa ile ofisi mpaka kwenye kiti, kuyapanga maneno ya kweli. Nikafungua mdomo.

"Ni vidole vyako, Mama. Mashine haivioni."

Sijui uongo huo ulitoka wapi! Ulitoka tu, umeiva. Mama akasema mbona leo hakuna aliyemgusa vidole. Nikamwambia wanaviona kwenye kompyuta, kutoka kule tulikobonyeza siku ile. Uongo ukishazaa mmoja hauishii hapo. Akaigeuza mikono, akaitazama juu na chini. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, naye akanifuta kwa mikono hiyohiyo.

"Basi nenda wewe," akasema. "Mtoto asiingizwe humo peke yake."

Nikasema siendi bila yeye. Akaniambia nisimfanye aseme mara mbili. Mpokeaji naye akasema kaunta inafungwa baada ya dakika kumi.

Nikamsukuma mwenyewe mpaka mlango wa nje. Mume wangu alikuwa kasimama kwenye kizuizi, nimeshampigia simu aje. Nikampa pasipoti ya Mama. Akaifungua. Akaona. Akanitazama mimi, kisha Mama, akaifunga na kuitia mfuko wa shati. Hakusema neno. Heri angesema! Angesema nilikwambia, ningepata wa kugombana naye.

Mama kabla hajaingia garini akaomba msamaha. Aniombe mimi msamaha! Kwamba kanisumbua, ningejua mapema ningesafiri peke yangu, mikono ya mfuaji haina maana tena. Nikajibu hapana Mama, hapana Mama. Ndicho nilichojibu.

Saa saba na dakika ishirini. Geti namba tisa.

Uhamiaji wamenigongea muhuri bila hata kuniangalia. Viatu nimevua tena, mkanda, saa. Kiti cha pembeni yangu kitupu, nimeweka mkoba watu wasikae. Mdogo wangu katuma ujumbe mwingine. Anauliza Mama amekula? Sijajibu.

Nimejiambia nikifika nitamwambia kila kitu. Halafu najiambia mtu anakwenda kupasuliwa kichwa, unamwambia nini? Nitamshika mimi kichwa. Mikono yangu ina vidole vyote, mashine inavisoma vizuri sana.

Wametangaza. Watu wamesimama kwa pamoja kana kwamba viti havina namba.

Mume wangu anapiga.

Hawajaondoka uwanjani. Wako maegesho. Kasema kwa sauti ya chini kwamba Mama kamtuma duka la dawa la hapo nje, akanunue losheni. Chupa kubwa. Tangu nimewaacha anapaka vidole, kimoja kimoja, na kuvifunga kwa mfuko vilainike. Kesho asubuhi anataka kurejeshwa hapa ajaribu tena, ndege ya kesho inaweza kumfikisha Jumanne mapema. Anauliza ile ya ofisa wa siku ile ilipakwa mara ngapi. Kasema mimi ndiye ninayejua.

Nikamwambia amjibu chochote.  Akasema, "Hili sisemi mimi. Nampa simu, zungumza naye mwenyewe."

Kaniambia nisubiri, Mama anafuta mikono kwanza asichafue simu. Nasubiri. Naandika huku nimebana simu kwa bega. Wamebaki watu wanne mlangoni, dada wa geti ananiita kwa mkono. Nasikia mfuko unavuliwa.

Huyo, ameishika simu.